Nyuki Mweusi wa Mlimani

Oktoba 1987 mtawa mmoja mzee alifika Mlima Kilimanjaro kutafuta nyuki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Karl Kehrle, lakini wafugaji wa nyuki wa Ulaya walimjua kama Brother Adam wa abasia ya Buckfast, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa na miaka 89. Tangu 1950 alikuwa akizunguka Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kutafuta malkia wa kupandisha na nyuki wake. Safari hii alimfuata nyuki aliyesifiwa katika maandishi ya kitaalamu kwa mambo yasiyo ya kawaida barani Afrika: mweusi, mkubwa kuliko ndugu zake wa bondeni, mwenye manyoya marefu, anayeruka hata asubuhi za baridi kali, na juu ya yote hayo, mpole.

Sifa ya mwisho ndiyo iliyowashangaza wengi. Miaka ile magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yamejaa habari za "nyuki wauaji" wenye asili ya Afrika waliokuwa wakisonga mbele kutoka Brazili. Kumbe katika bara hilohilo, kwenye misitu ya milima ya Tanzania na Kenya, palikuwa na nyuki anayevumilia mkono wa mtu.

Jina lake la kitaalamu ni Apis mellifera monticola. Wakati Brother Adam anafika Kilimanjaro, jina hilo lilikuwa na umri wa miaka 26 tu. Nyuki mwenyewe alikuwa mlimani zamani, akiingia na kutoka kwenye mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini. Historia ya namna alivyotengwa na wenzake, akapimwa, akapewa jina, na baadaye jina hilo likatiwa mashakani, ni sehemu ya historia ndefu ya watu kujaribu kuwapanga nyuki wa Afrika katika makundi.

Wa kwanza kuwapanga

Kazi hiyo haikuanzia Ulaya. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hula asali ya nyuki wa aina kadhaa, na kila aina ina jina lake na njia yake ya kuitafuta. Asali ya nyuki anayedunga mara nyingi hupatikana kwa msaada wa mlembe, yule ndege anayelia na kumtangulia mtu kutoka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa porini. Mtu akishapasua shina na kuchukua asali, ndege hubakiwa na nta, chakula ambacho ndege wachache sana duniani wanaweza kukisaga tumboni. Asali ya nyuki wadogo wasiouma hutafutwa kwa jicho kali zaidi: alama yake ni kijitundu tu kwenye gome, au kijimrija cha nta kinachochomoza.

Waogiek wa misitu ya Mau na Mlima Elgon nchini Kenya nao walijenga maisha yao juu ya asali, na elimu yao ilifuata mwinuko wa nchi. Miti ya ukanda wa chini huchanua kwa wakati wake, ya ukanda wa juu kwa wakati wake, na mizinga ya ukoo mmoja ilitawanywa ili kila ukanda ulipochanua pawe na cha kurina. Mtu aliyelelewa katika utaratibu huo alijua kwamba nyuki wa juu na nyuki wa chini hawana tabia moja.

Katika miombo ya Unyamwezi, kuzunguka Tabora, Sikonge na Kahama, ufugaji wa nyuki ulikuwa kazi ya wanaume waliokaa porini wiki nyingi, wenye mizinga ya magome na ya magogo kwa makumi au mamia. Asali ililiwa, ikauzwa na kupikiwa wanzuki. Nta ilikwenda mbali zaidi: tangu enzi za Wajerumani ilisafirishwa Ulaya kutengenezea mishumaa, dawa za viatu na vipodozi. Biashara hiyo ya nta, kuliko udadisi wa kisayansi, ndiyo iliyoifanya serikali ya kikoloni ianze kumwangalia nyuki wa Tanganyika kwa makini.

Majina kutoka makabatini

Wakati warina asali wakimjua nyuki aliye hai, wataalamu wa Ulaya walimjua nyuki mkavu aliyechomwa kwa pini. Mswidi Carl Linnaeus alimpa nyuki wa asali wa Ulaya jina la Apis mellifera mwaka 1758. Wa Afrika walifuata baadaye, mmojammoja, kadiri wasafiri walivyorudi na vielelezo.

Mwaka 1804 Mfaransa Pierre André Latreille alimwandika nyuki wa Senegal kwa jina la Apis adansonii, kwa heshima ya Michel Adanson, mwanasayansi aliyeishi nchini humo katikati ya karne ya 18. Latreille mwenyewe alikuwa padri aliyeponea gerezani wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa kwa sababu ya mdudu adimu aliyemtambua ndani ya seli yake. Mwaka 1822 Johann Friedrich Eschscholtz, daktari aliyezunguka dunia na meli ya Kirusi iitwayo Rurik, alimpa jina nyuki wa Rasi ya Tumaini Jema: Apis capensis. Kisha mwaka 1836 Mfaransa mwingine, Lepeletier, akamwandika nyuki wa upande wa kusini mwa Afrika kwa jina la Apis scutellata.

Kila mmoja wa hao aliamini ameona spishi mpya kabisa. Vielelezo vilikuwa vichache na maelezo yalihusu zaidi rangi: pete za njano tumboni, weusi wa mgongo, nywele za kifua. Hakuna aliyejua mipaka ya nyuki wake, yaani anaanzia wapi na kuishia wapi. Ilipokuja kudhihirika kwamba nyuki hawa wote huzaana bila shida na wa Ulaya, wakashushwa cheo. Wakawa nususpishi za Apis mellifera, na ndiyo sababu majina yao ya leo yana maneno matatu.

Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya Latreille, wataalamu wengi hawakusumbuka kutofautisha zaidi. Ukiacha nyuki wa Rasi na wa Madagaska, karibu kila nyuki wa asali aliyeishi kusini mwa Sahara aliitwa adansonii, kutoka Dakar hadi Dodoma. Jina lililozaliwa kwa vielelezo vya Senegal likawa blanketi la nusu ya bara.

Smith na milima ya Tanganyika

Aliyelitoboa blanketi hilo upande wa mashariki ni F. G. Smith, Mwingereza aliyefanya kazi katika kitengo cha ufugaji nyuki cha serikali ya Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kazi yake ilikuwa ya uchumi: kuboresha asali na nta, kupima mizinga, kufundisha. Kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu ufugaji wa nyuki katika nchi za joto kilisomwa mbali na mipaka ya Tanganyika. Tofauti na waliomtangulia, Smith aliwaona nyuki wakiwa hai, kwenye masega yao, katika nchi inayoanzia usawa wa bahari na kupanda hadi mita 5,895.

Na nchi hiyo ilimfundisha jambo. Mwaka 1961 alichapisha katika jarida la Bee World makala kuhusu aina za nyuki wa asali barani Afrika, na ndani yake akawatenga nyuki wa Tanganyika katika makundi matatu. Ukanda wa pwani ulikuwa na nyuki mdogo, mwenye njano nyingi, akamwita litorea. Nyika na miombo ya bara vilikuwa na nyuki wa kati kwa umbo, mkali, mwepesi wa kuhama. Huyu Smith alimwachia jina la zamani, adansonii. Juu kwenye misitu ya mvua na mipaka ya mbuga za baridi za Kilimanjaro na Meru alikuwepo yule mweusi, mkubwa, mwenye manyoya. Huyo akamwita monticola.

Tofauti hizo zilikuwa na mantiki ya hali ya hewa. Joto hupungua kadiri mtu anavyopanda, na kwenye mwinuko wa mita 2,500 asubuhi inaweza kuwa na umande wa barafu. Mwili mkubwa hupoteza joto polepole. Rangi nyeusi hufyonza jua haraka. Manyoya marefu huzuia upepo. Hata tabia ilifuata mkondo huo: nyuki wa nyika hukabiliwa na ukame, moto wa pori, nyegere na binadamu mwenye shoka, kwa hiyo hushambulia upesi na kuhama upesi. Nyuki wa msitu wa mlimani hupata maua kwa vipindi virefu lakini hukabiliwa na mvua na baridi inayoendelea, kwa hiyo kilicho muhimu kwake ni kutunza akiba na kubaki nyumbani.

Haukupita muda mrefu wataalamu wengine wakaanza kuwaona nyuki wa namna hiyo kwenye Mlima Kenya na Mlima Elgon. Swali likawa gumu zaidi. Kilimanjaro na Elgon vimetenganishwa na mamia ya kilomita za nyika ambayo nyuki mweusi haishi. Alifikaje huko kote?

Rula ya Oberursel

Kulijibu swali hilo kulihitaji vipimo, na vipimo vilitoka kwenye mji mdogo wa Oberursel, karibu na Frankfurt. Huko Friedrich Ruttner, mtaalamu mwenye asili ya Austria, alikuwa akijenga hazina ya sampuli za nyuki kutoka pande zote za dunia anakoishi Apis mellifera.

Njia yake ilikuwa ya uvumilivu. Kutoka katika kila kundi la nyuki walichukuliwa nyuki watenda kazi 20 hivi na kuhifadhiwa kwenye spiriti, kwa kuwa nyuki mmoja hatoshi kuwakilisha nyumba yake. Malkia huruka nje mara chache katika ujana wake na kupandwa na madume zaidi ya 10, hivyo mabinti wa mzinga mmoja wana baba wengi na wanaweza kutofautiana hata kwa rangi. Kila nyuki alikatwa vipande vidogo na kuwekwa chini ya hadubini. Ulipimwa urefu wa ulimi, urefu na upana wa bawa la mbele, urefu wa mguu wa nyuma, urefu wa nywele za tumboni, upana wa pete za njano, na pembe zinazotengenezwa na mishipa ya bawa inapokutana. Kipimo kimojawapo kilichopendwa sana kilikuwa uwiano wa vipande viwili vya mshipa katika chumba kimoja cha bawa, kwa sababu haubadiliki nyuki akila vizuri au vibaya.

Tofauti zilizotafutwa ni ndogo mno. Bawa la nyuki wa pwani na la nyuki wa mlimani hayapishani hata milimita moja. Ndiyo maana vipimo zaidi ya 30 viliingizwa pamoja kwenye kompyuta, na takwimu zikaachwa ziseme nani anakaa karibu na nani.

Zilipomaliza kusema, blanketi la Latreille lilichanika. Nyuki wa Afrika Magharibi na nyuki wa nyika za Afrika Mashariki na Kusini hawakuwa kundi moja. Jina adansonii lilirudishwa kwa wenyewe wa magharibi. Nyuki wa nyika kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini alihitaji jina jingine, na kanuni ya uainishaji ni kwamba jina la kwanza kuchapishwa kwa njia halali ndilo linaloshinda. Likafukuliwa jina la Lepeletier la 1836: scutellata. Katika kitabu chake kikubwa cha 1988 Ruttner aliorodhesha nususpishi 24 za nyuki wa asali, na majina mawili ya Smith, litorea na monticola, yalikuwemo. Vipimo vya Ujerumani vilithibitisha jicho la Tanganyika: monticola alikuwa miongoni mwa nyuki wakubwa, weusi na wenye manyoya marefu kuliko wote wa Afrika ya tropiki.

Kuhusu umbali kati ya milima, Ruttner alikuwa na jibu lenye kuvutia. Zamani, hali ya hewa ilipokuwa ya baridi zaidi, misitu ya mlimani ilishuka chini na nyuki mweusi alienea eneo kubwa bila kukatizwa. Joto liliporudi, misitu ilipanda na nyuki wakapanda nayo, wakaachwa kwenye vilele kama mabaki ya jamii iliyokuwa moja. Wazo hilo liliaminiwa kwa miaka mingi.

Jina likikosewa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa nyuki hawa wote huzaana na wote hutoa asali, mabishano haya ya majina yana faida gani? Mifano miwili inatosha.

Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki wa Brazili, Warwick Kerr, alikuja Afrika kutafuta malkia. Nyuki wa Ulaya waliopelekwa Brazili walikuwa wakizalisha kidogo katika joto la tropiki, na Kerr alitaka kuwachanganya na nyuki waliozoea joto. Alichukua malkia wengi kutoka eneo la Pretoria na wachache kutoka Tanganyika. Mwaka uliofuata, karibu na Rio Claro katika jimbo la São Paulo, makundi 26 yalitoroka baada ya mtu mmoja kuondoa vizuizi vilivyowazuia malkia kutoka mizingani. Wajukuu wao walienea Amerika Kusini yote ya joto na kufika Texas mnamo Oktoba 1990. Kwa zaidi ya miaka 20 vitabu viliwaita adansonii, yaani nyuki wa Afrika Magharibi, ilhali asili yao ilikuwa nyika za kusini na mashariki. Aliyetaka kuelewa tabia yao kwa kusoma habari za nyuki wa Senegal alikuwa anasoma kitabu cha nyuki mwingine.

Mfano wa pili ulikuwa na hasara kubwa zaidi kwa wafugaji. Nyuki wa Rasi, yule capensis wa Eschscholtz, ana jambo la ajabu lililoripotiwa tangu 1912: mtenda kazi wake anaweza kutaga mayai yanayoanguliwa majike bila kupandwa na dume. Kwa nyuki wengine watenda kazi wakitaga hutoka madume tu. Mwaka 1990 makundi ya capensis yalisafirishwa kutoka kusini mwa Afrika Kusini hadi kaskazini, nchi ya scutellata. Watenda kazi wa capensis wakaingia kwenye mizinga ya wenyeji, wakataga, wakazaa mabinti wanaolingana nao, wasiofanya kazi, na makundi yakafa moja baada ya jingine. Wafugaji walipoteza makumi ya maelfu ya mizinga. Kwa macho ya mtu asiye mtaalamu, nyuki hao wawili wanafanana.

Vipande viwili vya kromosomu

Mabishano kuhusu nyuki wa mlimani yalifufuka vipimo vya vinasaba vilipokuwa rahisi. Kama Ruttner alisema kweli, basi nyuki mweusi wa Elgon na nyuki mweusi wa Mlima Kenya wanapaswa kuwa ndugu wa karibu kuliko kila mmoja alivyo na nyuki wa njano anayeishi chini ya mlima wake. Mwaka 2013 watafiti kutoka Ujerumani wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichapisha matokeo yaliyopinga hilo. Kwa umbo, nyuki wa milimani walionekana kundi lao. Kwa vinasaba, kila mlima ulifanana na mabonde yake. Madume na malkia walikuwa wakipandana kutoka juu hadi chini bila kujali mipaka iliyochorwa na wataalamu.

Hapo ilielekea kwamba monticola si nususpishi hata kidogo. Labda alikuwa nyuki wa kawaida wa nyika aliyelelewa kwenye baridi, kwa maana sega likikaa kwenye ubaridi wakati nyuki mchanga anakua ndani yake, nyuki anayetoka huwa mweusi zaidi.

Miaka minne baadaye hadithi iligeuka tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, na wenzao walisoma jenomu nzima za nyuki 39 kutoka Mlima Elgon, Mlima Kenya na nyanda zilizo chini yake. Karibu katika jenomu yote, nyuki wa juu na wa chini hawakuwa na tofauti ya maana. Mchanganyiko uliogunduliwa 2013 ulikuwa wa kweli. Lakini kwenye kromosomu ya 7 na ya 9, kati ya kromosomu 16 za nyuki, palikuwa na vipande viwili virefu ambavyo karibu nyuki wote wa mlimani walikuwa navyo kwa namna moja, na nyuki wa chini kwa namna nyingine. Vipande hivyo vilikuwa vilevile kwenye milima yote miwili.

Utafiti uliofuata ulionyesha sababu. Kipande cha namna hiyo cha kromosomu kimekatika zamani, kikageuzwa nyuma mbele na kuunganishwa tena. Kikishageuka, hakiwezi kubadilishana sehemu na mwenzake asiyegeuka wakati mayai yanapotengenezwa, hivyo jeni zote zilizomo husafiri pamoja kutoka kizazi hadi kizazi, bila kuchanganyika. Kile cha kromosomu ya 7 kina karibu jeni zote za vipokezi vya oktopamini, kemikali inayohusika na nyuki kujifunza na kutafuta chakula. Kwa nyuki anayelazimika kuamua aruke au abaki ndani wakati ukungu umefunika msitu, hilo si jambo dogo. Mpangilio wenyewe ni wa kale sana, wa kale kuliko kutengana kwa nususpishi zinazotajwa vitabuni.

Kwa hiyo kila upande ulipata haki yake kwa sehemu. Smith hakudanganywa na macho: nyuki wa mlimani ni tofauti, na tofauti hiyo hurithiwa. Ruttner hakukosea kwamba milima ina kitu kimoja cha kale inachoshirikiana. Lakini kitu hicho ni vipande viwili vya urithi vinavyopepetwa na baridi kila kizazi, ilhali jenomu iliyobaki hupanda na kushuka mlimani pamoja na madume.

Orodha ambayo haijafungwa

Nyuki wa mlima wameendelea kuwapa wataalamu kazi. Huko Ethiopia, ambako baadhi ya watafiti waliwahi kuhesabu aina tano na monticola akiwemo, uchambuzi wa mwaka 2011 uliwaona nyuki wa nchi hiyo kuwa nususpishi moja ya peke yake, ikapewa jina la simensis. Maswahiba wa Buckfast nao waliendelea kumtafuta nyuki wa mlimani: mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Sweden walichukua mbegu za nyuki wa Mlima Elgon, wakazichanganya na nyuki wa Brother Adam, na kizazi chake hadi leo huitwa nyuki wa Elgon huko Ulaya Kaskazini.

Upande wa nyuki wadogo wasiouma kazi iko nyuma zaidi. Connal Eardley wa Afrika Kusini aliwapanga upya wa bara zima mwaka 2004, akiyaunganisha majina mengi yaliyorundikana tangu karne ya 19. Baadhi ni rahisi kutambua hata bila maabara: Dactylurina schmidti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania hutundika kiota chake wazi chini ya tawi na kujenga masega ya wima, jambo ambalo nyuki wengi wasiouma hawalifanyi, na Plebeina huishi ndani ya vichuguu vya mchwa. Wengine ni wagumu. Katika msitu wa Kakamega, watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi walipima mabawa na vinasaba vya nyuki anayeitwa Meliponula ferruginea, na wakaonyesha kwamba wale weusi na wale wa kahawia-nyekundu, waliowekwa chini ya jina moja, wanatofautiana kiasi cha kustahili kutazamwa upya. Wafugaji wa hapo walikuwa tayari wakiwatofautisha kwa rangi na kwa kiasi cha asali.

Uhitaji wa kujua nani ni nani umeongezeka tangu 2009, mwaka ambao Varroa, kimelea kilichoangamiza nyuki wengi wa Ulaya na Marekani, kilithibitishwa Kenya na Tanzania. Mwaka 2010 makundi ya nyuki yalikaguliwa katika maeneo 24 ya Kenya, na kimelea hicho kilikutwa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Hata hivyo makundi hayakuonekana kudhoofika, tena bila dawa yoyote. Nyuki wa Afrika Mashariki wana kinga ambayo sehemu nyingine za dunia zinaitafuta, na haiwezi kuelezwa vizuri bila kujua ni nyuki yupi anayezungumziwa, wa pwani, wa nyika au wa mlimani.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya mikono ya watu wenyewe. Mizinga ya kisasa hubebeka kwa gari, miradi hugawa makundi ya nyuki kutoka wilaya moja hadi nyingine, na mfanyabiashara wa nyuki haulizi mwinuko. Afrika Kusini ilionyesha mwaka 1990 gharama ya kuwahamisha nyuki bila kujali majina yao. Anayetaka kujaza mizinga ya Marangu mlimani na atafute kundi la Marangu, wa Pangani pwani abaki na nyuki wake wa Pangani, na maofisa wa nyuki wa wilaya waandike asili ya kila kundi linalovuka mpaka kabla halijapakiwa.